Kiswahili cha Keya

Sisi wa Songo Mnara tukimsikia mtu akisema "kitabu yangu", twacheka: Huyu kafundishwa na keya! Kicheko hiki chafaa kupimwa.

Keya ndio askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902. Humo waliingia Wakamba, Wanandi, Wanyasa, na wengine wengi ambao Kiswahili si lugha ya mama zao. Na maofisa wao wengi walikijua zaidi kile cha amri: njoo, lete, simama. Katika amri ngeli zina kazi gani? Basi zikaanguka. Lugha hiyo nailaumu, walakini askari simlaumu.

Tena maneno ya jeshini tumeyapokea sote. "Afande" ni la Kituruki, lilikuja kwa njia ya Misri na Sudani pamoja na askari. Hata leo Jeshi la Wananchi, lililoundwa 1964, lalitumia. Na Kariakoo ya Dar es Salaam, tuendako kununua kanga, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918, jinsi midomo yetu ilivyoliweza jina lile. Mizigo ya vita vya Mahiwa, huku bara ya Lindi, Oktoba 1917, ilikwenda vichwani mwa watu kama hao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi.

Darasani "kitabu yangu" naisahihisha kwa wino mwekundu. Kariakoo siigusi.