Njia ya Msalaba kwa Sikio la Newala

Aliyezoea simfoni za Ulaya, akimsikia Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyezaliwa 1951, hulalamika upesi: mbona muziki huu unarudia tu, haufiki? Mchezaji wa sindimba wa Newala asingeuliza hivyo. Huko kwenye uwanda wa Wamakonde ngoma ndogo hushika mdundo uleule, na kubwa ikasema juu yake. Mpenzi wa mashairi naye anajua: kipokeo ni kilekile, ila kila ubeti hukipa uzito mwingine.

Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, ilitungwa 1988 kwa fidla mbili, viola na selo. Kundi la Kronos la Marekani lilirekodi sehemu ya kwanza katika Pieces of Africa, 1992. Vipande vifupi huingiana kama mikono ya wapigaji wa amadinda, marimba ya Buganda: kila mmoja hujaza mwanya wa mwenziwe, na sikio hupata wimbo usiopigwa na yeyote peke yake. Hapo Tamusuza ni fundi hasa. Ni rahisi kumdhania mfuasi wa Steve Reich wa New York. Lakini Reich mwenyewe alikwenda Ghana 1970 kujifunza ngoma.

Upungufu upo. Newala, kiuno cha mchezaji humwambia mpigaji aendelee au abadili. Hapa wanne wamekaa vitini, macho kwenye karatasi. Muziki unapokolea, karatasi imekwisha.