Wito Uliogeuzwa Kuwa Maficho

Riwaya ya Kazuo Ishiguro, The Remains of the Day, ilitoka mwaka 1989 na mwaka huo huo ikapata Tuzo ya Booker. Wengi huisoma, au huitazama katika filamu ya mwaka 1993, kama kisa cha mapenzi yaliyochelewa. Sisi twapenda kuiweka mbele ya wanafunzi wa uchungaji kwa sababu nyingine: ni riwaya juu ya wito.

Stevens ni mtumishi mkuu katika jumba la Lord Darlington, kabaila wa Kiingereza, Bi. Kenton ndiye msimamizi wa watumishi wa kike. Wanagombana juu ya mambo madogo, jinsi wafanyavyo watu wasiothubutu kutaja lililo kubwa. Jioni moja Bi. Kenton anamkuta akisoma kitabu, anakitoa polepole mkononi mwake, kumbe ni hadithi ya mapenzi! Stevens anajitetea kwamba anajifunza lugha fasaha. Hatimaye Bi. Kenton anaolewa na mwingine na kuondoka. Mwaka 1956, akiisha kupata barua yake, Stevens anaendesha gari hadi magharibi ya Uingereza kumwona, huku akijiambia kwamba anatafuta mfanyakazi tu.

Luther alifundisha kwamba kazi ya mjakazi ni wito wa Mungu sawa na ile ya kasisi, kwa kuwa kwayo jirani huhudumiwa. Stevens ameshika nusu tu ya fundisho hilo. Kazi anaipenda, naye huisifu kwa neno "hadhi", jirani hamwoni. Mwaka 1923 baba yake anakufa katika chumba cha juu, naye anaendelea kuwamiminia wageni mvinyo. (Tusiharakishe kumcheka. Wapo kati yetu walioongoza kikao cha usharika huku wakimwacha mgonjwa wao nyumbani.) Bi. Kenton anapofiwa na shangazi, Stevens anasimama nje ya mlango akidhani analia, asiingie. Baadaye anamlaumu juu ya kazi ya wajakazi wapya.

Lililo zito kuliko yote ni siku Lord Darlington anapoamuru wajakazi wawili wafukuzwe kwa kuwa ni Wayahudi. Stevens anatii. Bi. Kenton anatishia kuacha kazi, lakini anabaki, na baadaye anakiri kwamba ni woga uliomzuia. Muda mrefu umepita ndipo Stevens anamwambia kwamba jambo hilo lilimhuzunisha yeye pia. Kwa maoni yetu mapenzi yao yalikufa hapo, wala si siku ya posa. Mtu asiyeweza kusema neno kwa ajili ya wajakazi wawili ataulizwaje habari za moyo wake mwenyewe?

Tuna lawama moja. Wanapokutana, Bi. Kenton anakiri kwamba pengine amewaza maisha ambayo angaliishi na Stevens. Hata hivyo atarudi kwa mumewe, ambaye amejifunza kumpenda, na mjukuu yu njiani. Mwandishi anauheshimu uamuzi huo, nasi twamshukuru. Lakini mume mwenyewe, Bwana Benn, aliyekwisha kuachwa zaidi ya mara moja, hatumwoni uso wala kumsikia.

Mwishoni Stevens analia gatini Weymouth, kando ya mtu asiyemjua. Je, ametubu? Sisi twasita kusema. Analoazimia jioni ile ni kujifunza mzaha, ili ampendeze mwajiri wake mpya, Mmarekani.