Kukosea kwa Ufundi: Mwigo wa Dhihaka katika Muziki wa Bendi

Wapo wahakiki wenzangu wanaoamini kwamba mwigo wa dhihaka, au parodia kama tunavyoiita darasani, ni sanaa ya kupe: hunyonya damu ya kazi ya mtu mwingine, na kazi hiyo ikifa, nayo hufa. Mimi sikubaliani nao. Katika makala haya nitaitetea parodia kwa mfano ambao pengine utawashangaza baadhi ya wasomaji, yaani tungo za kuchekesha zinazopigwa na bendi za ala za kupuliza na ngoma. Atakayeuliza fasihi na matarumbeta wapi na wapi, namwomba subira kidogo.

Mtunzi ninayemkusudia ni Peter Schickele, Mmarekani aliyezaliwa 1935 na kufariki Januari 2024. Alisomea muziki Juilliard, New York, na alitunga kazi nyingi zisizo na mzaha wowote. Lakini umaarufu wake ulitokana na uongo mmoja mtamu: alidai kuwa amegundua tungo za P.D.Q. Bach, mtoto wa 21 kati ya watoto 20 wa Johann Sebastian Bach. Mtoto huyo, eti, alizaliwa 1807 akafa 1742! Maonyesho ya hadhara ya tungo hizo yalianza New York mwaka 1965. Schickele akajifanya profesa wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Dakota Kaskazini, chuo ambacho hakipo, akazipa tungo zake namba za orodha kama zile ambazo wataalamu wamezipa kazi za Bach wa kweli.

Hebu tuitazame ile aliyoiandikia bendi, Grand Serenade for an Awful Lot of Winds and Percussion, yaani serenade kuu kwa vipulizwa kibao na ngoma. Ina sehemu 4, na kila sehemu imebeba neno "kuu" katika jina lake. Ya mwisho inaitwa "Rondo Mucho Grando", lugha ambayo si Kitaliano wala si Kihispania. Kwa istilahi zetu, hii ni takriri iliyokolezwa kwa chuku: ukuu unarudiwa mpaka unaisha wenyewe. Bado hata noti moja haijapulizwa na tayari tunacheka. Katika albamu ya 1992 yenye utungo huu, bendi inayopiga imepewa jina la bendi ya kituo cha jeshi la wanamaji cha Turtle Mountain. Basi Turtle Mountain iko Dakota Kaskazini, jimbo lisilogusa bahari popote. Ni sawa na mtu akuambie Bandari Kuu ya Dodoma. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1993 kama albamu bora ya vichekesho.

Sasa swali la msingi: anachekwa nani? Wengi watajibu Bach. La hasha! Bach hapungukiwi kitu. Nionavyo mimi, anayechekwa ni yule anayesimama kati ya Bach na msikilizaji: profesa mwenye tarehe, namba na utangulizi mrefu, anayetwambia tuheshimu kazi kabla hatujaisikia. Kwa maneno mengine, tunachekwa sisi wahakiki. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya kwetu pia. Nusu ya parodia ya Schickele imo katika maneno, na maneno ni uwanja wa fasihi. Fani ya uhakiki imechukuliwa nzima nzima, maudhui yakatolewa, na bado ikasimama. Jambo hilo linapaswa kututisha kidogo.

Kuhusu noti zenyewe, tusidhani kukosea ni rahisi. Mozart alikwisha kuonyesha hivyo 1787 katika utungo wa mzaha wa nyuzi na baragumu mbili, ambamo mwishoni kila ala inashika ufunguo wake. Charles Ives naye, mwanzoni mwa karne ya 20, alitunga Country Band March, inayoiga bendi ya kijijini: huyu anaingia mapema, yule anachelewa, na katikati unasikia wimbo wa watoto wa Daraja la London. Ives alizijua bendi hizo tangu utotoni, kwani baba yake aliongoza bendi ya mji wa Danbury, Connecticut. Leo bendi za ala za kupuliza hupiga utungo huo, na lazima kila kosa liangukie mahali pake hasa. Likipotea kidogo, msikilizaji ataona bendi ni mbovu kweli, na mzaha umekwisha. Je, kupe anaweza kudai nidhamu ya namna hiyo?

Hapa Pwani tunao ushahidi wetu. Ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilichukua gwaride, sare na vyeo vya bendi za kijeshi za wakoloni. Kuna walioiona kuwa ni kuiga tu kama kasuku, mpaka Terence Ranger alipoonyesha katika kitabu chake cha 1975 kwamba ndani yake mlikuwa na ushindani wa mitaa na ubunifu wa wenyeji. Hata hivyo tusizichanganye hizi mbili. Schickele alitania nyumba aliyolelewa. Hakuna aliyemshikia bunduki. Mcheza beni alivaa cheo cha mtu aliyemtawala. Fani zinakaribiana, lakini bei ya kicheko si moja.

Udhaifu wa Schickele uko hapo hapo. Mara nyingine jina la utungo linachekesha kuliko utungo wenyewe, na asiyewahi kusikia minueti atabaki anauliza wenzake wanacheka nini. Hilo nakubali. Lakini hata tashtiti ya kishairi haimchekeshi asiyemjua anayesemwa, na hatuiiti kupe kwa sababu hiyo. Pendekezo langu ni hili: tunapofundishana parodia, tusiishie kutafuta kazi iliyoigwa. Tuulize pia mwigaji alisimama wapi alipoiga, na alimchokoza nani. Hapo ndipo uhakiki wake uanzie.