Kamera ya Mpiga Kafi

Anayejiandaa kwa safari ya kayaki au baiskeli huuliza kwanza kamera ipi inatoa picha safi. Swali la kutangulia ni jingine: itakaa wapi, na itafika jichoni kwa sekunde ngapi? Mpiga kafi ana mikono miwili, na yote ina kazi. Kamera ikiwa ndani ya mfuko uliokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa kifungo, hadi itoke, korongo amesharuka na mkondo umeshageuza chombo. Jean de Wouters, mhandisi Mbelgiji aliyemtengenezea mzamiaji Jacques Cousteau kamera ya Calypso, alilijua hilo. Wazamiaji walizoea kufungia kamera ya kawaida ndani ya sanduku zito. Yeye akaliondoa sanduku, bodi yenyewe ikazuia maji kwa pete za mpira zilizopakwa grisi. Wenzo mmoja ulipiga picha na kusogeza filamu, kidole kisihame mahali pake. Nikon iliichukua kamera hiyo mwaka 1963, ikaiita Nikonos, na ukoo wake ukadumu hadi 2001.

Atasema mtu kwamba kamera ndogo za maji za leo zina kihisi kidogo mno. Ni kweli. Olympus TG-6, inayohimili kina cha mita 15, ina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi; cha Sony RX100 ni 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne. Magharibi ikiingia, vivuli vya ile ndogo hujaa chembechembe. Kwa mwendesha baiskeli hoja hiyo inanishinda: yeye hushusha mguu, akafungua mkoba wa mbele, akapiga kwa utulivu, basi achukue RX100. Mpiga kafi hana pa kushusha mguu. Na simu? Nyingi huvumilia maji, ila kioo chenye matone hakitofautishi tone na kidole, na kinga yake hupimwa kwa maji matamu, si ya bahari.

Kamera ya maji, basi, ifungwe kwenye jaketi la kujiokolea kwa kamba fupi isiyonasa kafi. Urahisi huo una gharama yake: kinga yote imeshikwa na mpira mwembamba kwenye kifuniko cha betri. Unywele mmoja ukilala juu yake, maji yanaingia. Baada ya bahari, kamera isuuzwe kwa maji matamu ingali imefungwa, ikaushwe, ndipo kifuniko kifunguliwe, kwa mikono mikavu, mbali na mchanga.