Tawi la Musongati lilipaswa kutokea Keza

Tawi la reli ya Burundi lilipaswa kutokea Keza. Wasomaji wa safu hii wameshanisikia, na tangu jiwe la msingi lilipowekwa Musongati Agosti 2025 sioni sababu ya kulainisha maneno: kulitolea Uvinza, kwenye reli ya Tabora–Kigoma, ni kosa la kiufundi, na watakaolilipa ni watu wa Ngara na Biharamulo.

Kumbukeni mpango wa awali. Reli ya Dar es Salaam–Isaka ingeendelea hadi Keza, hapa hapa wilayani Ngara, kisha ingegawanyika: mabehewa ya Rwanda yanaelekea Rusumo na Kigali, ya Burundi yanakata kwenda Gitega na Musongati. Stesheni ya njia panda haijengwi kama stesheni ya kupita. Inataka yadi ya kupangia mabehewa, njia za kupishana zenye urefu wa kumeza treni nzima ya mizigo, karakana, na nyumba za madereva wanaopokezana zamu. Zaidi ya yote inataka pembetatu ya reli, ili treni ya Kigali kwenda Gitega ipinde moja kwa moja, bila kuingia stesheni, kukata kichwa mbele na kukifunga upya nyuma. Stesheni ya namna hiyo huzaa mji, na Rulenge ingekuwa jirani yake.

Sasa yawekeni madini juu ya ramani. Nikeli ya Kabanga na nikeli ya Musongati ziko kwenye mkanda mmoja wa miamba. Mpaka wa nchi umepita katikati tu. Njia panda ya Keza ingeikusanya mizigo yote miwili. Reli ya Uvinza, kilomita 282, inaibeba Musongati na kuiacha Kabanga pale pale. Mpango wa Kabanga ni kusafishia madini Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Kwa hiyo mzigo mzito kuliko yote wilayani umeachiwa matairi: Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi, Runzewe, hadi Kahama. Barabara hiyo kila mmoja wetu anajua malori ya transit yameifanya nini.

Wanaoitetea Uvinza wana hoja yenye uzito. Reli ya Tabora–Kigoma inajengwa vyovyote vile, tawi fupi linaokoa fedha, na mbele ya Burundi kuna Congo. Hesabu yao naielewa. Lakini wamehesabu kilomita za kujenga na kusahau tani za kubeba. Januari 2018 marais Magufuli na Kagame walikubaliana kuijenga Isaka–Kigali, na jiwe la msingi lilitarajiwa mwaka ule ule. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata. Reli inayosubiri fedha hudaiwa kwanza uthibitisho wa mzigo. Ukiinyang'anya mzigo wa Burundi, inabaki na mteja mkubwa mmoja, Rwanda, na hapo mtu wa benki hana haja ya kusoma ukurasa wa pili. Uamuzi wa Uvinza haukutunyima stesheni ya Keza peke yake. Umeudhoofisha mstari mzima kutoka Isaka hadi Rusumo.

Sisemi kwamba hatujui kujenga: kipande cha Dar es Salaam–Dodoma, kilichoanza kubeba abiria 2024, ni kazi safi.

Lakini wa zamani waliisoma ramani vizuri zaidi. Mwaka 1914 Wajerumani walianza reli ya kutoka Tabora kuja kwenye kona ya mto Kagera, huku huku kwetu, na vita vikaikatiza. Walikuja kuchuma, hilo halina mjadala, ila mpimaji wao alijua mzigo wa Rwanda na Burundi unakutania wapi. Waingereza wakaigeuzia Mwanza, ikafika 1928, na Tabora ikawa njia panda ambayo hadi leo sijaona ya kuishinda. Treni ya Dar es Salaam inaingia, kichwa kinakatwa, mabehewa ya Kigoma yanatengwa na ya Mwanza, wauza asali wanapita madirishani na madumu yao, na hoteli ya zamani ya reli iko karibu. Waliozipeleka stesheni za reli mpya ya Kenya Syokimau na Miritini, nje ya miji, abiria ashuke halafu aanze kutafuta usafiri mwingine wa kumfikisha mjini, wangepita Tabora kwanza wakajifunze.

Sisi stesheni yetu imebaki Isaka. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, chakula kilikuja kwa treni hadi Isaka, kikashushwa na kupakiwa kwenye malori. Gunia moja lilibebwa mara mbili kabla halijaianza safari ya Ngara. Miaka zaidi ya 30 imepita na mzigo bado unahamishwa vile vile, reli hadi Isaka, kisha lori.

Shirika la Reli Tanzania (TRC) na halmashauri ya Ngara waanze na hili: eneo la hifadhi ya reli ya Isaka–Rusumo liwekewe mawe ya mipaka sasa, na Keza itengewe ardhi ya yadi na pembetatu kabla viwanja havijapimwa na kuuzwa. Kabanga ikianza kutoa mzigo, wenye mgodi wataitafuta reli hiyo wenyewe, na hapo kila nyumba iliyojengwa juu ya njia yake itakuwa fidia ya kulipwa.