Kurudisha mizani bila kuuza shamba

Mnunuzi wa kakao mjini Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), hakimbilii kupima uzito. Anachota punje chache, anazikata katikati kwa kisu, anatazama rangi ya ndani, ndipo anataja bei. Mwaka 2024 bei hiyo iliwasahaulisha wengi kwamba wana mali nyingine. New York, tani iliyouzwa takriban dola 2,600 mwanzoni mwa 2023 ilivuka 12,000 Desemba 2024. Kufikia Novemba 2025 ilikuwa chini ya nusu ya kilele hicho.

Kanuni inayofundishwa wawekezaji ni hii: kila mali iwe na fungu lake, na kila mwaka uza iliyovimba, ununue iliyosinyaa. Tujaribu hesabu. Mama mmoja wa kubuni, mfanyabiashara wa Butembo, mji jirani na Beni, ana mali ya dola 10,000: shamba la kakao 4,000, bidhaa za duka 3,000, kiwanja 3,000. Kakao ikipanda mara tatu, mali inakuwa 18,000 na theluthi mbili yake ni kakao. Akihamisha 4,800, kakao inarudi asilimia 40. Bei ikianguka nusu, anabaki na 14,400. Asingegusa kitu, angebaki na 12,000.

Sasa igeuze. Angesawazisha mapema, bei ilipofika mara mbili, kisha ikaendelea hadi mara tatu, angekuwa na 16,800 badala ya 18,000. Basi kusawazisha ni bima, na bima ina ada.

Ada ya Butembo ni nzito. Kongo haina soko la hisa. Kiwanja hakiuzwi kwa simu: kuna hati, kuna dalali, kuna ndugu wa kuridhia. Na nani atauza robo ya shamba kila Januari?

Kukaa tu nako kumewaumiza watu. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10; mwenye lori au bidhaa ghalani alisalimika, mwenye mabunda ya noti alilia. Miaka ya 1990 mnyauko uliua robusta ya Beni, na wengi walihamia kakao wakiwa wameshapoteza kahawa. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuizunguka Beni, shamba lililozaa vizuri linaweza kukosa mtu wa kulivuna.

Mimi ningeitupa kalenda, niweke mpaka: kakao ikifika nusu ya mali, isiongezewe hata dola moja. Pesa ya mavuno, na ya likirimba (mchango wa kupokezana) zamu ikifika, ziende dukani au zikae dola taslimu. Hakuna kinachouzwa, hakuna dalali wa kulipwa. Kwa mama wetu mpaka huo uko karibu: kakao ikigusa 6,000 tu, tayari ni nusu. Akisubiri hadi 12,000, atahitaji dola 6,000 mpya kuirudisha hapo, na anguko la 2025 lingemkuta bado anazitafuta.