Majina ya Mito na Miji katika Nyanda za Juu Kusini

Asili ya jina haitafutwi kwa masikio peke yake. Mtu akisikia sauti mbili zinazofanana hupenda kuziozesha papo hapo, bila ya kuuliza kama zimepata kukutana.

Iringa ina ushahidi mwema. Katika Kihehe lilinga ni ngome, na ngome yenyewe ilikuwapo: ile ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, iliyobomolewa na Wajerumani kwa mizinga mwezi wa Oktoba, 1894. Sauti nazo hazipingi, maana l ya Kihehe iligeuka r katika vinywa na maandishi ya wageni. Kinachonisikitisha ni kuwa walioivunja ngome ndio waliolichukua jina lake wakaliita boma lao jipya, juu ya Ruaha Mdogo. Hata leo mji waitwa Ngome, na ngome ilipokuwa paitwa Kalenga.

Ruaha ni luvaha ya Kihehe, yaani mto. Lu- ni kiambishi cha ngeli, jamaa ya u- yetu katika ulimi. Basi asemaye “Mto Ruaha” asema “mto mto”, na ramani zetu zaandika hivyo bila ya kuona haya. Wala si sisi peke yetu: Uingereza ina mito kadhaa iitwayo Avon, na katika lugha ya wenyeji wa kale neno hilo lilikuwa “mto” tu. Mwenyeji ana haja gani ya jina jingine, ikiwa mto aujuao ni huo?

Mbeya ndipo penye mashaka. Husemwa kuwa latokana na ibeya, chumvi kwa Kisafwa, kwa sababu wafanya biashara walifika hapo kubadilishana bidhaa kwa chumvi. Siyakatai maelezo haya, ila sioni kwa nini vitabu viyanakili kana kwamba yamekwisha kuthibitishwa. Mji ulianza miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa. Mlima ulio juu yake nao ni Mbeya. Ikiwa mji ulirithi jina la mlima, soko la chumvi lilipandaje kileleni? Na i- ya mwanzo iligeukaje ikawa m-? Hayo yaulizwe Usafwa, kwa Kisafwa, wangali hai wazee wenye kuyajua.